Gramafoni, amplifaya na spika: jinsi ya kutuliza mtetemo nyumbani

Gramafoni ya mjomba wangu ilianza kuvuma wiki ile ile aliponunua spika kubwa. Anakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji, na sebuleni ana kabati refu la mninga. Juu ya kabati hilo alipanga kila kitu: gramafoni katikati, amplifaya pembeni yake, spika moja kila ncha. Kwa sauti ndogo muziki ulitoka vizuri. Akipandisha ili na walioko barazani wasikie, unazuka mvumo mzito unaokua wenyewe mpaka gitaa la Atomic Jazz linazama lote. Akanipigia simu: "Mjomba, njoo. Mashine inaimba yenyewe."

Nilipofika, shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, akanionyesha picha kwenye simu: miguu minne ya shaba ya kuweka chini ya amplifaya, na bei yake inatosha kununua baiskeli. Muuzaji alimwambia kwamba mtetemo unachafua umeme ndani ya amplifaya na miguu hiyo inaunyonya. Nilimwomba asubiri hadi jioni. Jioni ile mvumo ulikwisha, hatukununua chochote isipokuwa tyubu ya baiskeli ya mtoto, na amplifaya haikuguswa.

Ninayoandika hapa ni tuliyofanya siku ile, pamoja na mengine niliyojifunza kwenye sebule nyingine za Tanga baadaye. Msimamo wangu nausema mapema. Mtetemo hudhuru chombo kinachosoma muziki kwa kugusa au kwa kuzunguka, na sindano ya gramafoni inaongoza kwa mbali sana. Amplifaya ya tranzista, simu na flashi hazidhuriki kwa namna ambayo sikio lingeijua. Hata hivyo usinikubalie kwa maneno tu. Vipimo vingi hapa chini havigharimu kitu, na kila mtu anaweza kuvifanya kwake.

Kwa nini sindano inasikia kila kitu

Mfereji wa santuri una upana unaokaribia unene wa unywele, na sauti zake hafifu kabisa ni mawimbi yasiyofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Sindano hupita humo na kuugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo mno, kama milivolti 3 hadi 5 kwa vichwa vya sumaku vya kawaida. Umeme huo hukuzwa karibu mara 100 kabla haujafikia kiwango cha redio au deki.

Besi ina jambo jingine tena. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isiingiliane, na amplifaya huirudisha wakati wa kupiga. Kanuni hiyo, inayoitwa RIAA, ni ya tangu miaka ya 1950. Kwa sababu yake sauti ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hukuzwa karibu mara 9 kuliko ile ya hezi 1,000. Sasa fikiria hatua za mtu anayepita sebuleni, mlango unaofungwa, lori linaloelekea bandarini: vyote ni mitikisiko ya chini, na vyote vinaangukia pale pale panapokuzwa zaidi.

Sindano haina namna ya kutenganisha mtikisiko uliotoka kwenye mfereji na ule uliotoka kwenye kabati. Spika ikitikisa kabati, kabati linatikisa gramafoni, sindano inausoma mtikisiko huo kama muziki, amplifaya inaukuza, spika inautoa tena kwa nguvu zaidi. Mzunguko huo ndio uliokuwa ukiimba kwa mjomba.

Hatua ya 1: Gonga, usikilize

Zima mota ya gramafoni. Weka santuri usiyoionea uchungu, isiwe ile ya taarabu ya Black Star au Lucky Star ambayo hutaipata tena, kisha teremsha sindano juu yake ikiwa imesimama. Anza na sauti ndogo, halafu pandisha polepole hadi pale unaposikilizia kila siku. Gonga kabati kwa kifundo cha kidole. Utasikia "du" kwenye spika. Gonga mahali pengine: mguu wa kabati, ukuta, sakafu. Mwambie mtu atembee na mwingine afunge mlango. Kila ukisikia kitu kwenye spika, umeshajua njia moja ya mtetemo.

Ukipandisha sauti na mvumo ukaanza wenyewe, rudisha chini mara moja. Mvumo huo ukiachwa unaweza kuunguza spika.

Mwenye simu janja anaweza kuongeza kipimo cha macho. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, hutumia kihisi cha mwendo kilichomo ndani ya simu. Laza simu juu ya kabati karibu na gramafoni, chagua kipimo cha mchapuko usiohusisha uvutano, kisha piga muziki wenye besi kutoka chanzo kingine. Mstari ukichafuka, kabati linatikiswa. Simu husoma mara mia moja hadi mia kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa kasi kubwa haiuoni. Ule wa chini unaosumbua gramafoni inauona vizuri. Lakini sindano ni hodari kuliko simu: mstari ukitulia, bado rudi kwenye kugonga.

Hatua ya 2: Ondoa spika juu ya kabati

Hii peke yake ilimaliza sehemu kubwa ya tatizo la mjomba. Spika na gramafoni zisikae juu ya ubao mmoja. Kila koni ya spika inaposukuma hewa mbele, inausukuma mwili wa spika nyuma, na mwili huo unaisukuma meza. Hakuna mguu wa bei yoyote unaoweza kufuta kosa la kuziweka pamoja.

Ziweke kwenye stendi zake, au hata juu ya viti vizito vya mbao kwa majaribio. Halafu rudia Hatua ya 1 kabla hujagusa kitu kingine. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Stendi zenye nguzo za bomba hutulia zaidi zikijazwa mchanga. Tafadhali usiuchote pale Raskazone. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na bomba litaliwa kutu kutoka ndani. Tumia mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa juani siku mbili.

Gramafoni nayo iondoe kwenye kona ya chumba. Besi hurundikana konani, na hewa yenyewe hutikisa mfuniko na santuri. Kama mfuniko wako wa plastiki unang'oka, uondoe wakati wa kupiga, kisha urudishe kuzuia vumbi.

Hatua ya 3: Jua sakafu yako

Ukikaa nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji, kama zilivyo nyingi Ngamiani, Makorora au Mabawa, sakafu yako ni rafiki. Kabati zito lililosimama imara juu yake halitikiswi na hatua za mtu. Hakikisha tu miguu yote minne imegusa chini.

Orofa ya zamani yenye sakafu ya mbao ni habari nyingine kabisa. Sakafu ya namna hiyo hudunda mara chache kwa sekunde mtu anapotembea, na sindano inaweza kuruka mfereji mzima. Hapo raba na sponji vinaweza hata kuzidisha kudunda. Dawa ni rafu iliyofungwa kwenye ukuta wa mawe kwa skrubu ndefu, kwa sababu ukuta hautembei na mtu. Nimeona rafu ya ubao mmoja na vishikizo viwili vya chuma ikifanya kazi ambayo meza ya thamani ilishindwa.

Hatua ya 4: Ikalishe gramafoni juu ya kitu laini, kwa hesabu

Hapa ndipo watu wengi wanapokisia, na hapahitaji kukisia. Kitu laini chini ya mzigo hufanya kazi kama springi, na kila springi iliyobeba mzigo ina kasi yake ya kudunda. Ili kuijua, pima kwa rula urefu wa springi au raba kabla ya mzigo na baada ya mzigo, uone imeshuka sentimita ngapi. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 5 kwa jibu. Unachopata ni hezi.

Ikishuka sentimita 1, kasi yake ni hezi 5. Ikishuka milimita 1 tu, ni kama hezi 16. Mtetemo huanza kuzuiwa ukizidi kasi hiyo mara 1.4, yaani kutoka hezi 7 kwa mfano wa kwanza na hezi 22 kwa wa pili. Chini ya hapo hauzuiwi, na ukilingana na kasi yenyewe, unakuzwa.

Linganisha na mkono wa gramafoni: mkono na kichwa cha sindano vikilingana vyema, navyo hudunda vyenyewe kati ya hezi 8 na 12. Usitake springi yako iangukie humo. Inafaa iwe chini, karibu hezi 5 au pungufu.

Ndiyo maana vipande vya kandambili, ambavyo nimevikuta chini ya gramafoni nyingi hapa mjini, vinasaidia nusu tu. Vinabonyea kidogo, kwa hiyo vinakata mtetemo wa spika wa juu kiasi lakini hatua za miguu vinazipitisha. Tena raba inapotetemeshwa haraka huwa ngumu kuliko inapokandamizwa polepole, hivyo kasi yake halisi ni kubwa kuliko hesabu yetu. Kama ni vyote ulivyo navyo, kata vinne vya sentimita 4 kwa 4 kutoka sehemu ya kisigino na uvitumie. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Kilichomfaa mjomba ni upepo. Tanga ni mji wa baiskeli na tyubu haikosekani. Chukua ya baiskeli ya mtoto au ya toroli, ilaze kwenye meza, tia upepo kidogo sana, iwe laini kama chapati ya maji inayotoka kwenye kikaango. Juu yake weka bamba zito. Sisi tulitumia bamba la saruji la kupanga uani, sentimita 40 kwa 40, unene 4, ambalo lina uzito wa kama kilo 15. Uzito huo una kazi: springi ile ile ikibebeshwa mzigo zaidi hushuka zaidi na kudunda polepole zaidi. Gramafoni inakaa juu ya bamba, na bamba lisiguse meza mahali popote.

Kisha chukua pimamaji. Sahani ya gramafoni iwe sawa pande zote mbili, kwa sababu mkono ukilalia upande mmoja, sindano itausugua ukuta mmoja wa mfereji. Gramafoni ikiwa na upande mzito, sogeza bamba kidogo kidogo hadi povu likae katikati.

Onyo moja. Kuna gramafoni zenye springi zake ndani. Ukibonyeza sahani kwa kidole inashuka na kupanda. Hizo usiziweke juu ya tyubu. Springi juu ya springi hugombana, mkono unayumba. Zinataka rafu ngumu.

Rudia kugonga. Kwa mjomba ile "du" ilibaki kama mtu anayegonga nyumba ya tatu.

Hatua ya 5: Gonga amplifaya nayo

Ondoa muziki wote, chagua chanzo kisicho na kitu, pandisha sauti, kisha ligonge boksi la amplifaya kwa mpini wa mwiko. Amplifaya nzima ya tranzista haitasema lolote kwenye spika. Ndani yake hakuna kinachosoma kwa kugusa. Umeme unapita kwenye vitu vigumu vilivyochomewa ubaoni, na miguu ya shaba haibadilishi hilo.

Kama unataka ushahidi mzito, angalia sabufa ya sebuleni. Amplifaya yake imefungwa ndani ya boksi linalotetemeka kuliko kitu chochote nyumbani, na inapiga. Zikifa, nilizofungua zimekufa kwa kapasita kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, kukatika miguu au lehemu kupasuka baada ya miaka ya kutikiswa. Hilo ni jambo la kweli, na dawa yake ni fundi kuzibandika kapasita kwa silikoni na kurudia lehemu. Lakini ni habari ya uhai wa chombo. Utamu wa sauti haukuwa ukipungua njiani.

Ukigonga ukasikia mkwaruzo au sauti ikakatika, usinunue miguu. Umegundua ugonjwa: lehemu iliyolegea, swichi chafu, au plagi iliyoota kutu kwa hewa hii yetu ya chumvi. Mpelekee fundi.

Zipo tofauti tatu, na haki lazima itendeke. Amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo, hulia "ting" zikigongwa, kwa sababu ndani ya kioo kuna nyavu na bamba nyembamba zinazotikisika na kubadili mkondo wa umeme. Valvu ndogo za mwanzo, kama ECC83, ndizo zenye hisia zaidi. Badilisha iliyozidi kulia, na weka raba chini ya boksi. Usilifungue lenyewe, lina mamia ya volti yanayobaki hata likichomolewa. Pili, baadhi ya kapasita za seramiki hutoa umeme kidogo zikibonyezwa, kwa hiyo zikitumika karibu na sindano, pale umeme wa muziki ulipo mdogo mno, kugonga kunaweza kusikika. Tatu, transfoma hutoa mvumo wake yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chuma cha transfoma hujinyoosha mara mbili kila mzunguko, ndiyo sababu unasikia hezi 100. Sogeza sikio: mvumo ukitoka kwenye boksi na si kwenye spika, ni chuma kinachotikisa kabati. Vipande vinne vya kandambili vinatosha.

Usizamishe tu amplifaya kwenye sponji. Matundu ya hewa yako chini pia, na joto la Tanga kuanzia Desemba hadi Machi halina huruma. Mafundi huhesabu kwamba kapasita za maji hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka. Mtu anayejali amplifaya yake aitafutie hewa kwanza.

Deki, diski na flashi

Deki ya CD husoma kwa mwanga, lakini sahani yake inazunguka kama mara 500 kwa dakika mwanzoni na kushuka hadi 200 mwishoni, na mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6. Lenzi hufuata mstari huo yenyewe, na namba zikikosewa hurekebishwa kabla ya kuwa sauti. Ukiitikisa sana utasikia ikiruka au ikikwama. Hakuna hali ya katikati ambapo "inapoteza joto la sauti". Meza imara inatosha.

Diski ngumu ya kompyuta nayo huhisi. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizipigia kelele diski zilizokuwa kazini, na kipimo kikaonyesha zikichelewa kusoma. Zilichelewa, namba hazikubadilika. Usiiweke juu ya sabufa, basi. Flashi na simu ziweke popote.

Hatua ya 6: Tafuta vinavyogongana sebuleni

Pakua sauti inayopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 200, ipige kwa sauti ya wastani, uzunguke chumba. Utashangaa. Vioo vya madirisha ya lava vitaimba, kitasa cha mlango kitaimba, vikombe kabatini, fremu ya picha ya harusi, kofia ya pangaboi. Kelele hizi ni kubwa mara nyingi kuliko chochote ambacho miguu ya shaba ingedai kuondoa, na huwa watu wamezizoea kiasi cha kudhani spika zimepasuka. Kaza skrubu, bandika vipande vya raba ya tyubu nyuma ya fremu, weka kitambaa kati ya sahani. Kwa mjomba ilikuwa birika la shaba la marehemu bibi. Tulilihamishia chumbani kwa heshima zote.

Hatua ya 7: Kama bado unataka kununua

Muuzaji akikupa ujaribu, jaribu kwa haki. Keti ukiwa umefumba macho. Mtu mwingine arushe sarafu: kichwa, anaweka miguu mipya, mwenge, anaweka ya zamani. Sauti ibaki pale pale, wimbo ule ule, sekunde 30. Taja unachosikia, aandike bila kukujibu. Rudieni mara 10, na kila mara anyanyue chombo hata kama habadilishi kitu, ili usijue kwa muda aliotumia. Anayekisia hupata 9 au zaidi kwa bahati karibu mara 1 tu katika 100, kwa hiyo ukipata 9, nunua bila shaka. Ukipata 5 au 6, pesa hiyo itafute sindano mpya. Sindano iliyochakaa inazikwangua santuri za Jamhuri Jazz kila unapozipiga, na hizo si rahisi kuzipata tena.

Utunzaji

Raba hulegea kwa joto na tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo, bamba likalala upande mmoja bila mtu kujua. Mjomba hupima kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Povu la pimamaji likiwa limehama, anatia pampu moja au mbili, anasubiri bamba litulie, anapima tena.